Oili Nzito Haitibu Injini Inayogonga

Katika gereji nyingi za Kitale na Bungoma, Subaru Impreza ya zamani ikianza kupiga kelele huandikiwa dawa hata kabla boneti haijafunguliwa: imwagwe oili iliyomo, itiwe 20W-50. Kelele ikiwa kubwa, huongezwa na kopo la dawa ya kuzuia moshi, nzito kama asali. Ushauri huu hutoka kwa mafundi, kwa wauzaji wa spea na kwa wenye magari wenyewe, na umezoeleka hivi kwamba hakuna anayeulizwa ameutoa wapi. Ni ushauri mbaya. Unachagua oili kwa kufuata mlio ambao bado haujajulikana unatoka wapi, na mara nyingi matokeo yake ni injini iliyonyamazishwa mpaka siku ya kufa kwake.

Gari lenyewe linajulikana vizuri. Impreza ilitoka mwaka 1992, na ile ya WRX ikapewa injini ya EJ20 yenye turbo: silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, sentimita za ujazo 1,994. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa gari hilo hilo mwaka 2000, na mapenzi ya vijana wa Kenya kwa Subaru hayajapoa tangu hapo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili, ambacho kilikoma mwaka 2007, zilizoko barabarani leo zimekaa nchini miaka mingi, zimepita mikono mingi, na kumbukumbu za matengenezo yake mara nyingi zimepotelea njiani. Injini ya namna hiyo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa zaidi, na ndiyo inayochunguzwa kidogo kuliko zote.

Watetezi wa oili nzito wana hoja, na ni haki zitajwe kama wanavyozitaja wenyewe. Injini ikichakaa, nafasi kati ya vyuma hupanuka. Oili nyepesi hukimbia, nzito hujaza pengo. Joto la Afrika huyeyusha oili, ilhali vipimo vya Japani viliwekewa nchi yenye theluji. Makampuni hupendekeza oili nyepesi ili gari lionekane halinywi petroli, injini ikifa baadaye si shauri lao. Injini kuukuu hula oili, na nzito huliwa polepole. Juu ya yote, ukiitia, kelele hupungua, na hakuna mabishano yanayoweza kushindana na masikio. Kila moja ya hoja hizi ina kipande cha kweli ndani yake, na hicho ndicho kinachoifanya imani yenyewe iwe ngumu kung'oka.

1. Kelele nyingi za injini hii oili haizifikii

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila mlio wa chini ya boneti ni wa vyuma vinavyolilia oili. Katika EJ20 yenye turbo, milio kadhaa inayosumbua sana hutoka mahali ambapo oili ya injini haipiti kabisa.

Mkanda wa taimingi umezunguka mbele ya injini, nyuma ya vifuniko vya plastiki, na sehemu hiyo ni kavu. Unakazwa na kikazio cha haidroliki chenye oili yake yenyewe, iliyofungiwa humo kiwandani. Kikazio kikichoka, mkanda hulegea na kugonga, ko-ko-ko, hasa asubuhi injini ikiwa baridi na ikinguruma taratibu. Rola zake zikikauka grisi hulia kwa sauti nyembamba inayopanda pamoja na mwendo. Fundi akisikia hivyo akasema ni tapeti, akatia 20W-50, mwenye gari huondoka akiamini amehudumiwa, na huku nyuma mkanda unakaribia kuruka meno. Katika injini hii valvu na pistoni hupishana katika nafasi moja; mkanda ukikatika au ukiruka, hugongana. Subaru za soko la Japani zilipangiwa kubadilishiwa mkanda kila kilomita 100,000. Gari ambalo mita yake haiaminiki linapaswa kuhesabiwa kwamba limepita kikomo hicho.

Mlio wa pili unaochanganywa na tapeti ni wa ekzosi. Manifoldi hupita chini ya injini kuunganisha silinda za pande mbili, na baada ya miaka ya joto, mvua na mawe ya barabara za vijijini hupasuka kwenye maungio au hula gasketi yake. Upenyo mdogo hutoa ti-ti-ti ya haraka, kali zaidi gari linapopanda mlima, na mara nyingi hupungua injini ikipata moto kwa sababu chuma kikitanuka ufa hujibana. Kuipima si kazi ya fedha nyingi: injini ikiwa bado baridi, mdomo wa ekzosi huzibwa nusu kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, penye ufa mlio huongezeka, na maji ya sabuni yaliyonyunyizwa hapo hutoa mapovu. Karibu na manifoldi kuna pia mabati ya kukinga joto, ambayo bolti zake zikioza kwa kutu hutikisika na kulia kama injini inayosambaratika. Nozeli za petroli nazo hutika muda wote, na huko ndiko kufanya kazi kwake. Mkanda, ekzosi, mabati, nozeli: hakuna hata kimoja kati ya hivi vinne kinachonufaika na oili ya aina yoyote ile.

Upo mlio wa pistoni baridi. Pistoni za EJ20 zina sketi fupi, na kabla hazijatanuka hucheza ndani ya silinda na kutoa ka-ka-ka inayoisha baada ya dakika chache za mwendo. Ukiisha hivyo kila siku, na oili hailiwi kupita kiasi, injini inaweza kuishi nao miaka mingi. Mlio huu umechangia sana sifa ya oili nzito. Gari huletwa gereji likilalamikiwa kelele za asubuhi. Humwagwa oili baada ya safari, injini ikiwa ya moto. Huwashwa tena, nayo iko kimya. Ingekuwa kimya hata kama isingebadilishwa chochote. Kinacholinganishwa pale ni injini baridi ya alfajiri na injini ya moto ya saa sita, na sifa zote anapewa muuzaji wa oili.

Tapeti zenyewe zinahitaji kutofautishwa. EJ20 za turbo za miaka ya mwanzo zilikuwa na tapeti za haidroliki, ambazo hujazwa na oili ya injini na hulia zikikosa kujaa. Zilizofuata ziliachana nazo, na nafasi ya valvu ikawa ya kupimwa kwa mkono. Kwa zile za kwanza, oili nzito asubuhi ni kinyume cha tiba, kwa kuwa njia za kuingilia ndani ya tapeti ni nyembamba na oili nzito huchelewa kuzipita. Kinachohitajika ni oili safi isiyochelewa. Kwa zile za baadaye hakuna cha kujaza. Zikilia, hufunguliwa na kupimwa.

Halafu kuna kugonga kwa petroli, yaani mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati wake. Husikika injini ikibebeshwa mzigo, mathalani katika mpando wa kutoka Webuye kwenda Kitale, gia kubwa na mguu chini ili kulipita trela la miwa, na huwa kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. WRX za soko la Japani ziliandaliwa kwa petroli ya okteni ya juu, ambayo huko huuzwa ikiwa karibu na 100. Petroli ya kawaida ya vituo vya Kenya iko chini ya hapo. Oili inahusika hapa kwa njia moja tu, nayo ni mbaya: mvuke wa oili unaovutwa kuingia silindani hupunguza uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo. Injini inayokula oili hugonga kwa urahisi zaidi, na kila pigo hushuka kwenye konrodi na beringi zake.

Mlio wa mwisho ndio wa kuogopwa: kugonga kwa beringi ya konrodi. Ni mzito, wa chini, hufuata mzunguko wa krankishafti, na mara nyingi hujitokeza wazi injini ikishikiliwa kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika kisha mguu ukiachiliwa kidogo. Injini ikipata moto, mlio huu huzidi. Silinda ya nne, ya nyuma upande wa kushoto, ina sifa mbaya katika jambo hili. Mwenye gari anayesikia mlio huu anatakiwa kuzima injini na kuita gari la kukokota. Anachoambiwa kwa kawaida ni kununua oili nzito ili afike Bungoma.

2. Ukimya si ushahidi wa uzima

Hoja ya masikio inaporomoka mtu akiuliza oili nzito hufanya nini hasa kwenye beringi inayogonga. Ganda la beringi lililokwisha hupigwa na krankishafti kila pistoni inaposukumwa chini. Oili nzito huweka utando mnene kati ya vyuma hivyo viwili na kulainisha pigo, kwa hiyo sauti hushuka. Pigo lenyewe linabaki. Madini laini ya juu ya ganda yameshakwaruzwa, unga wake unazunguka na oili, na uso wa krankishafti unaendelea kuchorwa.

Gharama iliyofichika ipo hapa. Beringi ikigunduliwa mapema, huenda krankishafti ikasalimika kwa kung'arishwa na kuwekewa maganda mapya. Ikiachwa iendelee kimyakimya, krankishafti hulazimika kuchongwa au kutupwa, unga wa chuma huingia kwenye turbo na pampu ya oili, na mara nyingine konrodi hukatika na kutoboa bloku. Kelele ndiyo ilikuwa nafasi pekee ya mwenye gari kulipa bei ndogo, na nafasi hiyo ameiuza kwa bei ya kopo moja la lita nne.

Ukimya huo una wanufaika wengine pia. Gari linalogonga halipati mnunuzi. Lililotiwa oili nzito hukaa kimya kwa muda wa kutosha kufanyiwa majaribio, kusainiwa karatasi na kubadilisha umiliki. Mnunuzi wa Kitale aliyesikiliza injini iliyopashwa moto kabla hajafika hana alichokisikia. Desturi inayomrahisishia muuzaji kuficha ubovu inapoitwa ujuzi wa kutunza magari makuukuu, kila anayeirudia anasaidia udanganyifu huo, hata kama nia yake ni njema.

3. Kitale si jangwa

Hoja ya joto la Afrika ina msingi katika maandishi ya Subaru yenyewe. Vitabu vya mwongozo vya Impreza za miaka ya 2000 kwa soko la Marekani vilitaja 5W-30 kuwa chaguo la kawaida, vikaruhusu oili nzito hadi 20W-50 kwa matumizi ya jangwani, kwenye joto kali sana au kukokota trela. Watetezi hunukuu ruhusa hiyo na kuyaacha masharti yake.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Elgon, na alfajiri zake hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, na ina joto kiasi, lakini si Lodwar. Tena, injini inayopozwa kwa maji haichukui joto lake kutoka hewani moja kwa moja. Themostati ya EJ20 huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na kazi yake ni kuyaweka maji katika kiwango kile kile Kitale au Hokkaido. Kinachotofautiana kati ya mahali na mahali ni dakika za kwanza baada ya kuwasha, na dakika hizo Kitale ni za baridi.

Tarakimu zinaonyesha tofauti hiyo. Kwa kipimo cha SAE, oili ya daraja la 30 ikiwa na nyuzi 100 ina mnato wa kuanzia sentistoki 9.3 hadi chini kidogo ya 12.5; ya daraja la 50 huanzia 16.3 na kuishia chini ya 21.9. Kwenye nyuzi 40 pengo huwa kubwa zaidi: 5W-30 ya kawaida huwa kati ya 60 na 70, na 20W-50 huwa karibu 160. Kwenye nyuzi 12 pengo hupanuka zaidi ya hapo. Hakuna anayedai kwamba 20W-50 itaganda Kitale. Itasukumwa, lakini kwa kuchelewa. Pampu husukuma ujazo ule ule kwa kila mzunguko. Oili ikiwa nzito mno presha hupanda, valvu ya kupunguza presha hufunguka, na sehemu ya oili hurudishwa kabla haijafika kwenye beringi. Filta nayo ina valvu yake, ambayo hufunguka oili isipopita haraka kwenye karatasi, na oili ambayo haijachujwa huenda moja kwa moja injinini. Geji inaonyesha presha kubwa, dereva anafurahi, na wakati huo vyuma vinapata oili kidogo. Presha hupima ukinzani. Kinachopoza beringi ni mtiririko.

Kuna jambo la mwinuko ambalo halitajwi kabisa. Hewa ya Kitale ina takriban asilimia 80 ya mgandamizo wa hewa ya Mombasa, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuipa injini hewa ile ile. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na huelea juu ya utando wa oili unaoletwa na bomba jembamba. Baadhi ya injini za EJ za miaka ya 2000 zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya bomba hilo, na tope la oili iliyokaa muda mrefu hukiziba. Pia WRX za aina ya STI za kizazi cha pili hutumia presha ya oili kugeuza taimingi ya kamshafti. Kwa injini kama hiyo, oili iliyozoeleka kwenye trekta za mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia haifai, hata kama trekta lenyewe limeishi nayo miaka 40.

4. Pengo hupimwa, halikisiwi

Ni kweli kwamba nafasi ikipanuka, oili nzito kidogo husaidia kushika presha. Hii ndiyo hoja bora ya upande huo, na inafaa ifuatwe hadi mwisho wake. Nafasi ya oili kwenye beringi za konrodi za injini hii ni kati ya takriban 0.02 na 0.05 mm. Hakuna sikio linaloweza kujua kama imefika 0.06. Geji ya presha inaweza kutoa dalili. Subaru imeweka kiwango cha chini kwa injini za EJ, oili ikiwa na nyuzi 80: kilopaskali 98 kwenye mizunguko 600 kwa dakika, na 294 kwenye mizunguko 5,000. Geji ya mkono hufungwa mahali pa swichi ya oili kwa muda mfupi, nayo hutumika kwa magari mamia. Fundi anayesema pengo limepanuka bila kufunga geji anatoa hukumu ya kesi ambayo hajaisikiliza.

Presha ikiwa chini, sababu zake ni nyingi. Skrubu za bamba la nyuma ya pampu ya oili hulegea katika injini hizi. Bomba la kuvutia oili kutoka sampu hupasuka na kuvuta hewa. Oili imechanganyika na petroli. Au kimo chake kimeshuka tu: injini hula oili, dereva hachungulii dipstiki, na kwenye kona kali pampu huvuta hewa. Haya yote yakitiwa 20W-50 hubaki vilevile, isipokuwa tarakimu ya geji.

5. Kuhusu petroli na makampuni

Shutuma kwamba makampuni hupendekeza oili nyepesi ili kupunguza matumizi ya petroli ni ya kweli kwa magari mapya yanayotumia 0W-20. WRX ya zamani haikuambiwa itumie 0W-20. Anayeogopa wepesi ana 5W-40 dukani, oili inayofika haraka ikiwa baridi na yenye utando mnene zaidi ikiwa ya moto. Kuruka daraja hilo na kwenda moja kwa moja 20W-50 hakuwezi kuelezwa kwa hofu ya njama za watengenezaji.

6. Na kula oili

Oili hupotea kupitia ringi, sili za valvu, sili za turbo au bomba la kupumulia. Uzito hupunguza kasi ya uvujaji na huacha tundu pale pale. Dawa nzito za makopo huongeza tope ambalo baadaye huziba ringi zenyewe, na injini iliyokuwa ikila kidogo huanza kula sana.

Utaratibu unaofaa ni mrefu kuliko kufungua kopo, lakini unawezekana katika gereji yoyote ya jua kali yenye fundi mvumilivu. Injini huachwa usiku kucha na kuwashwa ikiwa baridi mbele ya fundi. Husikilizwa baridi, kisha moto, bila mzigo, kisha ikipanda mlima. Bisibisi ndefu hugusishwa kifuniko cha mkanda, vichwa viwili, bloku na sampu, mpini ukiwa sikioni, mpaka ijulikane mlio uko upande gani. Mlio unaokwenda nusu ya kasi ya injini kwa kawaida ni wa valvu na kamshafti. Unaokwenda sawa nayo ni wa chini, kwenye krankishafti na pistoni. Silinda hukatiwa moto moja moja kwa kuchomoa waya wa koili au wa nozeli yake: mlio ukipungua sana silinda fulani inapozimwa, konrodi yake ina kesi ya kujibu. Filta ya zamani hukatwa kwa msumeno na karatasi yake kutandazwa juani. Vumbi linalong'aa, hasa lenye rangi ya shaba, linamaliza ubishi, na injini hufunguliwa.

Oili huchaguliwa baada ya hapo. Injini iliyo sawa kwa geji na kwa filta, inayoendeshwa Kitale, Kiminini au Bungoma kwa mwendo wa kawaida, hutosheka na 5W-30 au 5W-40 ya sintetiki yenye alama ya API SN, iliyoanza mwaka 2010, au SP, iliyoanza mwaka 2020. Iliyochakaa kidogo, ambayo presha yake ya moto inakaribia kiwango cha chini lakini filta yake ni safi, hupandishwa daraja moja hadi 10W-40 au 5W-50 na kupimwa tena. Gari la mashindano, ambalo oili yake hupita nyuzi 120 kwa saa nzima, lina haki ya 10W-50 au 15W-50, likipashwa moto kwanza bila kukanyagwa. Oili hununuliwa kwa muuzaji anayetoa risiti, kopo likiwa na sili nzima na alama ya KEBS, kwa kuwa oili bandia ya 5W-40 ni hatari kuliko 20W-50 halisi. Gari lisilo na kumbukumbu hubadilishiwa oili ya kwanza mapema, baada ya kilomita 1,000 hivi, filta yake ikakatwa tena. Ikiwa safi, hubadilishwa kila kilomita 5,000, na dipstiki huchunguliwa kila petroli inapotiwa.